Sauti ya Kifaranga

Wamalwa alipopewa kazi ya katuni ya Pasaka, Kitengela ilikuwa imekauka mpaka mbwa walikuwa wameacha kubweka. Mwaka wa 2005 ulikuwa unaishia, na mvua fupi zilikuwa zimepita juu juu bila kushuka. Ng'ombe walikuwa wanafia kando ya barabara ya Namanga, na vumbi liliingia nyumbani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Selpha, mkewe, alifagia asubuhi, akafagia tena saa sita, na jioni bado angeweza kuandika jina lake kwa kidole juu ya meza.

Siku hiyo Wamalwa alirudi kutoka Nairobi na furaha ambayo Selpha hakuwa ameiona kwake tangu wahamie kutoka Kimilili. Kwa miaka alikuwa amechora matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia katika kampuni moja ya mjini. Sasa kituo cha televisheni kilitaka katuni fupi ya kuonyeshwa Jumapili ya Pasaka, na rafiki yake Lazarus, aliyekuwa na studio ndogo yenye kompyuta moja, alikuwa amempendekeza.

"Wanyama wa boma," Wamalwa alieleza, bado amesimama mlangoni na begi begani. "Punda anajigamba kwamba babu ya babu yake ndiye alimbeba Yesu kuingia Yerusalemu. Jogoo naye anasema, wewe nyamaza, babu yangu ndiye aliwika Petro akalia. Wanagombania nani atatangulia kwa maandamano ya Pasaka. Na wakiendelea kupigana, mbuzi anakula matawi yote ya mitende."

Binti yao Whitney, ambaye alikuwa amefikisha miaka saba na kupoteza meno mawili ya mbele, alicheka mpaka akakaa chini.

"Na kuku?" akauliza. "Vifaranga viko wapi?"

Wamalwa alimtazama mkewe, akamtazama mtoto. Vifaranga hakuwa amevifikiria.

Wanyama wenyewe hakwenda kuwatafuta mbali. Nyuma ya ploti waliyopanga palikuwa na boma la Naserian, mama wa Kimaasai ambaye mume wake, Kisemei, alikuwa ameswaga ng'ombe mpaka chini ya Kilimanjaro, upande wa Loitokitok, kutafuta nyasi. Naserian alikuwa amebaki na punda wa kubebea maji, mbuzi wachache na kuku. Kila Jumamosi Wamalwa alikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichora sikio lililovunjika la punda na mwendo wa jogoo, huku Whitney akiwaiga wanyama mmoja mmoja. Naserian alikuwa akicheka akifunika mdomo kwa shuka.

"Mama Whitney," alimwambia Selpha siku moja juu ya ua, "huyu mtoto wako atanichanganya. Jana nimesikia mbuzi analia, nikatoka mbio, kumbe ni yeye."

Mwezi wa Desemba Wamalwa alimpeleka Whitney kwa Lazarus kurekodi. Selpha alienda nao. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichofunikwa kuta kwa magodoro, na waigizaji wawili walikuwa wameshamaliza sehemu za Punda na Jogoo. Whitney aliwekwa juu ya kiti kirefu mbele ya maikrofoni, akavalishwa vidude vya masikio vilivyomshinda ukubwa. Sehemu yake ilikuwa fupi. Mwishoni mwa ugomvi, Kifaranga anatokea katikati ya miguu ya wakubwa, wanamuuliza kwa dharau yeye siku hiyo ya Pasaka alikuwa wapi, naye ajibu kwamba hajui, alikuwa bado hajazaliwa. Basi wote wacheke.

Lakini Whitney hakusema hivyo. Alivuta pumzi, akafikiri kidogo, akasema kwa ile sauti yake ya mapengo:

"Nilikuwa ndani ya yai. Kulikuwa giza thana. Halafu nikathikia mtu ananiita, nikatoka."

Wale waigizaji wawili walitazamana. Lazarus aliondoa mkono wake kwenye mashine taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

"Nani amekufundisha hayo?" Wamalwa aliuliza.

"Thi mimi ndiye kifaranga?" akajibu Whitney. "Thatha ungetaka nitheme nilikuwa wapi?"

Wakayaacha maneno yake vile vile. Njia nzima ya kurudi Wamalwa alikuwa anatabasamu peke yake, na Selpha, ambaye siku zote aliona kuchora ni kazi ya watu wasio na kazi, alimshika mumewe mkono mbele ya watu.

Januari Whitney alianza kukohoa. Katika vumbi lile nani hakuwa anakohoa? Darasa la chekechea alilofundisha Selpha lilikuwa limejaa kikohozi. Walimpa dawa ya chupa, akapata nafuu, akarudi kwa kuku wa Naserian. Kisha homa ikampanda ghafla, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na wakamkimbiza hospitalini Kajiado. Daktari alisema ni nimonia. Alisema pia kwamba watajaribu. Whitney alikaa na mpira wa oksijeni puani, macho yakiwa wazi, akijaribu kumwambia mama yake kitu na kushindwa, na alfajiri ya pili akawa hayupo.

Walimzika Kimilili, kwa babu yake, kando ya migomba. Huko mvua ilikuwa inanyesha, na Selpha alichukia ile mvua. Aliwachukia pia wanawake waliomwambia bado ni kijana, atazaa mwingine. Waliporudi Kitengela, Wamalwa aliacha kumwita Mama Whitney. Akaanza kumwita Selpha, kama walivyokuwa wakiitana kabla ya mtoto, na kila alipolisema jina hilo lilikuwa kama mlango unaofungwa.

Kitu kimoja tu kilimwamsha Selpha kitandani. Picha za mtoto alikuwa nazo, lakini picha hazisemi, na hakuna siku ambayo wao walikuwa wamewahi kumrekodi mtoto kwa kitu chochote, isipokuwa ile siku ya studio. Sauti ya Whitney ilikuwa imebaki mahali pamoja duniani.

"Iko salama?" alimuuliza Wamalwa mwezi wa Februari.

"Iko."

"Na itatoka Pasaka?"

"Katuni itatoka," Wamalwa alisema, na akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Hilo lilimtosha. Selpha alianza kuhesabia kila kitu kwa Pasaka. Aliwaambia walimu wenzake. Aliwaambia akina mama wa kanisani, ambao walimshika mabega na kusema Mungu ana njia zake. Alimwambia Naserian, aliyekuwa amepata habari kwamba kule Loitokitok ng'ombe wa Kisemei walikuwa wanaanguka mmoja baada ya mwingine.

"Jumapili ya Pasaka uje kwangu," Selpha alimwambia. "Utamsikia."

"Nitakuja," alisema Naserian. "Hata mimi nataka kumsikia."

Kwaresima yote Selpha hakulia. Watu walisema ameimarika. Usiku alilala akiwaza zile sentensi tatu, jinsi zilivyopanda na kushuka, mahali ambapo hewa ilipita katikati ya mapengo. Alikuwa anazitunza zisichakae, kwa sababu alijua zinakuja. Kuhusu mumewe hakuuliza mengi. Wamalwa alitoka mapema, akarudi amechoka, akala kidogo na kukaa akitazama ukuta. Selpha aliona hiyo ni huzuni, na huzuni ya mwanamume alikuwa amefundishwa kuiachia nafasi.

Jumapili ya Pasaka mawingu yalikuwa yameanza kujaa juu ya Ngong, na watu walitoka kanisani wakiyatazama kwa kujipendekeza. Sebule ya Selpha ilijaa. Naserian alikuja na shanga zake zote, amepaka mafuta, akasalimu kwa Kimaasai kutoka mlangoni.

"Nakitok, takwenya!"

"Iko," Selpha aliitikia kwa Kimaasai hicho hicho, na akampisha kwenye kiti cha karibu kabisa na televisheni.

Aliwapa watu chai. Aliongeza sauti ya televisheni. Alimtafuta mumewe kwa macho, asimwone, akadhani ameenda kuita mtu.

Katuni ikaanza, na ilikuwa nzuri kuliko alivyotegemea. Punda alikuwa ni punda wa Naserian mtupu, na lile sikio lake lililovunjika. Jogoo alitembea kama chifu. Mbuzi alipokula tawi la kwanza, akala la pili, akatafuna na kamba ya kengele ya kanisa mpaka kengele ikamwangukia, sebule nzima iliangua kicheko, na Selpha pia alicheka. Alijisikia akicheka na akashangaa. Punda akamsukuma Jogoo. Jogoo akamdonoa Punda. Kisha katikati ya miguu yao akatokea Kifaranga, mdogo, wa manjano, manyoya ya kichwa yakiwa yamesimama kama nywele za mtoto aliyetoka kulala.

"Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?" akanguruma Punda.

Selpha alifumba macho ili asikie vizuri.

"Nilikuwa ndani ya yai!" ikasema sauti. "Kulikuwa giza sana! Halafu nikasikia mtu ananiita, nikatoka!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima aliyebana pua. Kila neno lilitamkwa sawasawa. Watu walicheka, maana ilichekesha kweli, na mtoto mmoja wa jirani akairudia papo hapo kwa kubana pua vilevile.

Naserian peke yake ndiye hakucheka. Aligeuka polepole.

"Mama Whitney," alisema, "huyo si yeye."

Selpha alisimama. Mtu mmoja alisema labda televisheni ina shida, mwingine akasema pengine ile ya Whitney itakuja mbele. Yeye hakungoja. Alipita katikati ya magoti ya watu akatoka nje.

Wamalwa alikuwa nyuma ya tangi la maji, mgongo ukiegemea ukuta. Alikuwa amekaa huko tangu katuni ianze.

"Iko wapi?" Selpha aliuliza.

Wamalwa alijipangusa vumbi la ukuta begani.

"Baba Whitney, nakuuliza. Sauti ya mtoto wangu iko wapi?"

"Nilimwambia Lazarus aitoe."

"Aitoe aipeleke wapi?"

"Aitoe tu."

Selpha alisikia kicheko kingine kutoka ndani, kisha muziki wa kumalizia. Wamalwa alianza kuongea haraka, akitazama mikono yake.

"Hujui vile hiyo kazi inafanywa. Punda na Jogoo nilikuwa nimemaliza. Kifaranga alikuwa amebaki. Ili nichore mdomo, lazima nisikilize neno moja, nalirudia, nalirudia, nione mdomo unafunguka wapi na unafunga wapi. Selpha, nilikaa na hivyo vidude masikioni siku nzima, mtoto wangu ananiambia giza. Giza. Giza. Nachora, nafuta, narudisha, ananiambia giza. Na nimetoka kumwaga mchanga juu yake juzi. Nilijaribu wiki nzima. Siku moja nilijikuta nimelala chini kwa sakafu ya studio na Lazarus ananimwagia maji. Nikamwambia atafute mtu mwingine aseme hayo maneno, na hii ya mtoto sitaki kuisikia tena maisha yangu yote."

"Wewe hutaki kuisikia."

"Sikuweza."

"Na mimi?"

Wamalwa alikwangua chokaa ya ukuta kwa kucha.

"Nilikuuliza mwezi wa pili. Ukaniambia iko."

"Wakati huo ilikuwa iko."

"Ukaniona naalika watu," alisema Selpha. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikawa ya mazungumzo ya kawaida. "Ukaniona kila siku. Kule Kimilili tulimzika pamoja, Wamalwa. Hii mara ya pili umemzika peke yako, na mimi umeniacha kwa nyumba nangoja."

Walipokuwa wanatoka, wageni waliwapita wakiwa wameinamisha vichwa. Naserian alisimama kidogo karibu na Selpha. Alimgusa tu kichwani kwa kiganja, jinsi wanavyosalimiwa watoto kwao, kisha akaenda zake.

Jumatatu studio zilikuwa zimefungwa. Jumanne asubuhi walikwenda Nairobi kwa matatu, kila mmoja amekaa kiti cha peke yake. Lazarus alipowaona wote wawili mlangoni alijua, na uso wake ukamporomoka.

"Mama Whitney, pole," alisema. "Nilidhani mmeongea. Nilidhani ni nyinyi wawili mmeamua."

"Tafuta," alisema Selpha.

Alitafuta. Kompyuta ile ilikuwa ndogo, na kila kazi mpya ilibidi ile ya zamani ifutwe ndipo ipate nafasi. Lakini Lazarus hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alifungua kila mahali. Alitoa diski za zamani katika boksi la viatu, akazijaribu moja moja, nyingine zikiwa na matangazo ya redio, nyingine kwaya za kanisa. Aliwafukuza wateja wawili. Wamalwa alikaa pembeni juu ya kigodoro, mikono katikati ya magoti. Saa za mchana zikapita hivyo. Hatimaye Lazarus alishika kitu, akavaa vidude vya masikio, akasikiliza, akarudia. Alipogeuka hakuwa na furaha usoni.

"Kuna hii," alisema. "Ni mwanzo tu, kabla sijakata. Iko fupi sana, Mama. Hata sijui kama nikupe."

"Nipe."

Selpha aliviweka masikioni. Kwanza kulikuwa na mvumo wa chumba. Kisha sauti ya Wamalwa, ya Desemba, sauti ya mtu mwenye furaha akimhimiza bintiye: "Haya mama, anza." Kisha mtu akavuta pumzi. Kisha basi.

Aliomba irudiwe. Haya mama, anza. Pumzi. Basi. Aliomba tena. Alitega sikio kwenye ile pumzi kama mtu anayechungulia kisimani, akatafuta humo kitu chochote, kamlio kadogo ka pengo, kasauti ka mate, alama yoyote. Ilikuwa hewa tu iliyoingia kwa mtu.

Alivua vile vidude.

"Hii pumzi ni ya nani?" alimuuliza mumewe.

Wamalwa alikuja, akasikiliza. Machozi yalimtoka hapo hapo.

"Ni yake," alisema. "Ni yeye."

Selpha alimtazama usoni. Alitaka kuamini. Lakini ni mdomo huo huo uliokuwa umemwambia "Iko", na ile pumzi ingeweza kuwa ya Whitney kabla hajasema, au ya Wamalwa baada ya kusema, au ya Lazarus aliyekuwa amesimama pale. Hakukuwa na mtu duniani wa kumhakikishia.

"Nikuwekee kwa kaseti?" Lazarus aliuliza.

"Hapana," alisema Selpha. "Asante."

Mvua ilinyesha wiki hiyo. Ilinyesha kwa hasira, ikageuza Kitengela yote kuwa tope jeusi linalong'oa viatu, ikabeba mifupa ya ng'ombe hadi kwenye mitaro. Nyasi zikaota haraka. Kisemei alirudi kutoka Loitokitok na ng'ombe waliobaki, ambao Naserian angeweza kuwaita kwa majina bila kuvuta pumzi mara ya pili, na hapakuwa na sherehe.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa tano, Selpha alirudi darasani. Asubuhi ya kwanza alimuuliza mtoto aliyechelewa alikuwa wapi.

"Nilikuwa ndani ya yai!" akajibu yule mtoto, amebana pua, na darasa lote likapasuka.

Kumbe katuni ilikuwa imependwa. Ilirudiwa wakati wa likizo, na sasa kila mtoto wa Kitengela aliijua. Waliisema kwenye foleni ya uji. Waliisema chooni. Ukimwuliza mtoto yeyote yuko wapi, alikuwa ndani ya yai, na kulikuwa giza sana. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Walikuwa watoto, na maneno yalikuwa mazuri. Whitney ndiye aliyekuwa ameyatunga.

Selpha alijaribu kujikinga. Asubuhi kabla ya kwenda shuleni alikaa kitandani, akafumba macho na kuita ile sauti ya kweli, ile ya mapengo. Mwanzoni ilikuja. Kisha ikawa inakuja ikiwa imechanganyika na ile nyingine, kama redio yenye vituo viwili. Siku moja mwezi wa saba, wakati wa ile baridi ya Kitengela inayotoka nyikani, aliita na ikaja ya yule mwanamke peke yake. Alingoja. Aliita tena kwa jina. Alijaribu maneno mengine, yale ya nyumbani, mama nipe chai, mama Naserian ameniita. Yote yalitoka kwa mwanamke aliyebana pua.

Siku hiyo alichelewa shuleni. Mwalimu mkuu, mama mpole, hakumgombeza. Selpha aliomba ahamishiwe darasa la watoto wakubwa, wale wanaosoma kimyakimya, na akakubaliwa.

Yeye na Wamalwa hawakuachana. Watu wa kwao walitegemea kelele, lakini hapakuwa na kelele. Wamalwa alikataa kazi ya Krismasi ambayo kituo kilimletea, akarudi kwenye sabuni na mafuta ya kupikia. Nyumbani waliongea juu ya maji, juu ya stima iliyopotea, juu ya kodi ya landilodi. Jina la Whitney hawakulitaja tena, Selpha kwa sababu zake na mumewe kwa zake.

Jioni moja walikuwa jikoni, Selpha amebandika sufuria, Wamalwa akichambua mboga kwa sababu hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Selpha," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi namkumbuka. Vile alikuwa anasema. Yote niko nayo hapa. Kama unataka, naweza kujaribu kukuonyesha. Alikuwa anavuta kidogo, hivi, halafu..."

Alivuta pumzi.

"Usijaribu," alisema Selpha.

Hakusema kwa ukali. Wamalwa alibaki mdomo wazi kidogo, na jani la sukuma mkononi, kisha akaufunga. Maji yalichemka. Selpha alimwaga unga, akashika mwiko, akaanza kusonga ugali.